Koo la Tamekichi

Bi Shino alitoka kwake saa kumi na nusu jioni kwenda kuchukua kazi ya mteja, na laiti angejua anakwenda kuchukua nini, angepitia kwanza kwa jirani yake Bi Tatsu, muuza tofu, ile jibini laini ya soya, akajaza mdomo.

Maana mdomo ndio uliokuwa mtihani wake. Mjini Kanazawa, Japani, wapo waliojulikana kwa mali, wapo waliojulikana kwa ibada. Bi Shino alijulikana kwa mdomo. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, fundi wa kubandika picha za kuning'iniza, zile zinazokunjwa kama mkeka na kurudishwa sandukuni msimu wake ukiisha. Aliongea na wateja. Wateja wakiondoka aliongea na burashi. Akichoka na burashi aliongea na figili aliyokuwa akiimenya, tena kwa lawama, kana kwamba ni figili iliyochagua kuwa chungu. Na kicheko chake! Kikitoka kile kicheko, theluji ilidondoka mapaani.

Basi akavuka mto Asano, theluji magotini, akilisema daraja, akiyasema mawingu, akafika nyumba ya Magara.

Hakuna taa. Lango wazi.

"Hodi! Wenyewe mpo au mmeganda?"

"Karibu," mtu akanong'ona.

Bi Magara alikuwa amesimama palepale mlangoni, ndani ya giza, mwanamke mrefu, amekumbatia sanduku jembamba la mbao kama anayebembeleza mtoto wa mtu mwingine.

"Mama, mbona unanong'ona? Kuna mgonjwa?"

"Nyumba hii wote tunanong'ona."

"Wote akina nani?"

"Nimebaki mimi." Akamsukumia sanduku. "Gundi ya nyuma imelegea. Ikilegea, anatembea. Ibandike upya. Ukimaliza usinirudishie, kaa nayo. Na usiongee nayo."

Bi Shino akaachia kicheko chake. Donge la theluji likaanguka kutoka paani, puu!

"Mama wee! Mimi naongea hata na figili."

Bi Magara hakucheka. Alijigusa koo kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayepapasa mahali palipokuwa na kitu. Kisha akafunga mlango.

Njia nzima ya kurudi sanduku lilinuka. Wino mbichi... theluji... na kitu cha tatu, kama pumzi ya mtu aliyeshinda siku nyingi bila kufungua kinywa.

Nyumbani aliwasha taa, akafungua sanduku, akaikunjua picha juu ya meza yake nyekundu ya kazi.

Milima. Ukungu, ambao haukuwa ukungu ila karatasi iliyoachwa bila kuguswa, na mchoraji aliyejua kuacha namna ile alikuwa mtu hatari. Mto. Daraja jembamba. Upande wa huku, kibanda kitupu, mlango wazi. Upande wa kule, mbali kabisa, kabla hata hajalikanyaga daraja, msafiri mmoja mwenye kofia ya nyasi, mdogo kama punje ya mchele, amewapa watu wote mgongo.

Basi. Hakuna ndege, hakuna moshi. Theluji yote ile na mtu mmoja.

Bi Shino aliitazama, na kitu kikamkata maini. Miaka mitatu sasa tangu mumewe Tamekichi afariki, na hadi leo alikuwa anapima mchele wa watu wawili kwa kusahau, kisha anakula viporo vya marehemu asubuhi.

"Haya kaka," akaiambia picha. "Peke yako na baridi lote hilo? Hata mimi. Basi karibu ndani."

Akaenda jikoni kuosha mchele.

"Shino..."

"Abee! Nakuja!"

Mikono ikaganda ndani ya maji.

Alikuwa ameitika kama alivyoitika miaka thelathini na minne, bila kufikiri, kama mtu anavyokuna anapowashwa. Na sauti iliyoita ilikuwa ya Tame.

Alirudi chumba cha kazi kwa ncha za vidole. Hakukuwa na mtu. Taa, meza, burashi zimepangana. Lakini msafiri alikuwa katikati ya daraja. Na alikuwa amegeuka.

"We!" Bi Shino alitaka kufoka. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama mlango uliovimba kwa unyevu.

Hapa lazima nikwambie habari za koo la Tame.

Tamekichi naye alikuwa fundi, fundi kuliko mkewe, na mpole kupita kiasi. Baridi moja, miaka saba nyuma, sauti yake ilianza kukwaruza. Miaka miwili baadaye ikaisha kabisa. Madaktari walichungulia, wakatikisa vichwa, wakaandika jina refu. Kwa hiyo miaka miwili ya mwisho mume alizungumza kwa burashi ya kupigia, ile nzito ya nywele ngumu inayopigwa mgongoni mwa karatasi ili gundi ishike. Pa pa, chai. Pa pa pa, nyamaza, Shino. Pa pa pa pa, njoo uone. Bi Tatsu upande wa pili wa ukuta alikuwa anahesabu, na anaapa kwamba zile za tatu zilizidi nyingine zote.

Maiti yake ilipochomwa, ndugu waliokota mifupa kwa vijiti, kuanzia miguu kwenda juu, kama desturi. Wa mwisho, mfupa wa kooni, ule unaofanana na mtu aliyekunja miguu anasali, huokotwa na aliye karibu zaidi na marehemu. Bi Shino aliuokota mwenyewe. Unatakiwa kupelekwa hekaluni, Kyoto. Mfupa wa Tame ulikuwa bado ndani ya kichungu chake, kwenye kabati la ibada lililo pembeni mwa chumba cha kazi, na kila mwaka kasisi akimkumbusha, Bi Shino alimjibu kwamba njia za Kyoto zina utelezi. Hata mwezi wa nane, kiangazi.

Kesho yake alasiri Bi Tatsu aliingia na sahani ya tofu, viatu vya majani vikidondosha theluji.

"Shoga, mbona kimya? Nimepita mara tatu sijatukanwa."

"Mafua," Bi Shino akakwaruza.

"Mafua gani yanamkaba mtu koo tu, pua kavu? Miaka thelathini namwomba Buddha akunyamazishe. Leo kaniitikia, na mimi naogopa."

"Hukuogopa kuniuzia tofu iliyochacha wakati wa sikukuu."

"Ile haikuchacha. Ilikuwa na msimamo."

Bi Shino alianza kucheka. Kicheko kikakatikia njiani. Nje mwanga ulikuwa unatoka kijivu kwenda buluu...

"Shino. Koti langu liko wapi?"

"Liko kabatini! Liko palepale siku zote! Una macho ya mapambo wewe?"

Bi Tatsu alikuwa ameshika sahani hewani.

"Shoga," akasema taratibu, "unamjibu nani?"

Bi Tatsu hakusikia kitu. Aliyeitwa alikuwa mmoja.

Bi Shino alielekeza kidole mezani. Msafiri alikuwa ameshavuka daraja. Alikuwa upande wa huku, mbele ya kibanda, mkubwa kama dole gumba, anawatazama. Kama ule unaitwa kutazama, maana chini ya kofia hakukuwa na uso. Palikuwa na karatasi tupu.

"Choma," Bi Tatsu akanong'ona. "Jiko hili hapa, lina mkaa. Choma!"

Bi Shino akatikisa kichwa. Sauti sasa ilikuwa uzi. "Sauti ya Tame imo mle."

"Ndiyo maana nasema choma!"

"Nimchome mara ya pili? Mara moja haikutosha?"

Bi Tatsu akaangalia picha, akaangalia mlango. Aliiacha tofu, akaondoka kinyumenyume. Bi Shino akabaki na mambo mawili ya kweli. Kwanza, kila alipoitika kitu kile kilichukua sauti yake. Ya kwanza nusu, ya pili karibu yote. Ya tatu hakuhitaji kuambiwa itachukua nini: yeye mzima, akakae kwenye kibanda kile kitupu chenye mlango wazi. Pili, alitamani kuisikia tena sauti ile. Mwanadamu ni kiumbe wa ajabu. Alijikuta amekaa karibu na meza, sikio limesogea.

"Toba!" akajikemea, akainuka. Gundi imelegea? Atabandika. Hiyo ndiyo kazi yake. Wala hatatishwa ndani ya nyumba anayoifagia mwenyewe na mwanamume asiye na uso wa kunyolewa.

Siku ya tatu, mchana, aliilaza picha kifudifudi mezani, akailowesha kwa maji, akaanza kung'oa karatasi ya zamani ya mgongoni, kwa kibanio na ncha za vidole, uzi kwa uzi. Kazi hii ina sheria moja: ukishalowesha, hakuna kuacha. Karatasi ikikauka nusu, picha inapasuka. Iwe nyumba inaungua, fundi anang'oa.

Saa zikaenda. Mwanga ukaanza kufifia. Tabaka la nje likatoka, akafika la ndani, lile linalogusa mwili wa picha. Na juu yake kulikuwa na maandishi. Mafundi wana tabia hiyo, kumwandikia fundi ajaye mahali ambapo mteja hafiki.

Mwandiko aliufahamu kabla ya maneno. Mwembamba, umeinama kushoto.

*Nimebandika mimi, Tamekichi, mwezi wa kwanza, mwaka wa thelathini na mbili wa Showa. Ameniita mara tatu kwa sauti ya marehemu mama. Nimeitika mbili. Ya tatu nilikuwa na mochi, donge la mchele uliopondwa, mdomoni, imenata, sikuweza kutamka. Akarudi alikotoka. Sauti yangu tangu hapo inaisha kidogo kidogo, ameondoka nayo. Utakayefungua, usiitike. Na kama ni mke wangu anayefungua, basi Buddha amhurumie.*

Bi Shino alisoma mara mbili. Baridi ileile ya miaka saba nyuma! Mzee yule alijua kilichomla koo, na hakusema. Alipoweza kusema alisita, na alipotaka kusema hakuweza tena.

Matone mawili yakaangukia karatasi ambayo tayari ilikuwa imelowa, kwa hiyo hayakuharibu kitu.

Nje buluu ikawa nyeusi.

Tone... tone...

Lilikuwa linatoka chini ya meza. Wino. Maji meusi yalikuwa yanachuruzika kutoka ukingoni, yakidondokea mkekani. Na pale yalipodondokea hapakuwa na dimbwi.

Palikuwa na nyayo.

Mmoja. Wa pili. Miguu mitupu, myembamba, imelowa wino. Haikumwelekea yeye. Ilikwenda kwenye kabati la ibada.

"Shino," sauti ya Tame ikasema, kutoka chini ya karatasi, na karatasi ikainuka kidogo na kushuka, kama kifua. "Sauti ninayo. Koo langu liko wapi?"

*Hapo kwenye kichungu!* Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Miaka thelathini na minne alimwonyesha mwanamume yule vitu vilivyokuwa mbele ya pua yake. Alijiziba kwa kiganja chenye gundi. Harufu ikamjaa... wino, theluji, kinywa kilichofungwa.

Unyayo wa nne. Wa tano.

Bi Shino hakukimbia mlangoni. Wengi wangekimbia, na mimi ningekuwa wa kwanza, ningekupita wewe. Yeye aliruka kuelekea kabatini, akatia mkono, akakumba kichungu, akang'oa kifuniko. Ndani, mfupa ule mdogo umekaa, umekunja miguu, unasali.

Autie wapi? Mfukoni? Kifuani? Unyayo wa sita ulikuwa mbele ya magoti yake. Kitu kisichoonekana kikapumua usoni mwake.

Aliutia mdomoni.

Akafunga taya. Mfupa ulikuwa baridi, mwepesi, una ladha ya majivu na ubani. Ulikaa chini ya ulimi kana kwamba ulikuwa unapafahamu.

Kisha kitu kile kikabadilisha mbinu.

"Shino," kikasema, kwa upole, kwa sauti aliyokuwa nayo Tame walipooana. "Nimekukosa. Huku hakuna anayeongea. Theluji tu. Nilikuwa nakwambia unyamaze, lakini usiku nilikaa macho nikikumbuka ulivyocheka mchana. Sijakwambia hata siku moja. Niitikie tu, mara moja, nijue hujanisahau..."

Haya, wewe ungefanyaje?

Machozi yakamtoka. Taya likalegea. Hadi juzi, miaka mitano ilikuwa imepita bila kuisikia sauti ile, na maneno yale hakuwahi kuyasikia hata mara moja, na alikuwa ameyangoja kama mtu anavyongoja jua ndani ya mwezi wa kwanza. Ulimi ukajisogeza kuupisha mfupa. Midomo ikafunguka. Ile *A* ya *Abee* ilikuwa tayari imeanza kupumua...

Pa.

Ilitoka mbali. Mbali sana, ndani ya picha, nyuma ya mto, nyuma ya ukungu, pale ambapo mchoraji hakugusa.

Pa.

Burashi ya kupigia. Nzito, nywele ngumu.

Pa.

Tatu.

*Nyamaza, Shino.*

Akauma meno, kwa nguvu zote, hadi masikio yakalia. Ndiyo, huyo ndiye Tame! Tame hakuwa mtu wa maneno matamu, mwongo mkubwa we, Tame alikuwa mtu wa kumnyamazisha mkewe! Alimtolea macho yule aliyekuwa mbele yake bila kuonekana, akakunja ngumi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Bi Shino alimtukana mtu bila neno hata moja. Alimtukana kwa nyusi. Alimtukana kwa mabega. Mdomo ulikuwa umejaa mume.

Karatasi mezani ikanyanyuka, ikatetemeka... ikashuka.

Nyayo zikaanza kukauka. Wa sita, wa tano, wa nne. Zilififia kwa kurudi nyuma, hadi mezani.

Akaubakiza ule mfupa mdomoni kama mtu anayenyonya peremende, akarudi kazini, maana karatasi ilikuwa imelowa na sheria ni sheria. Alimalizia kung'oa. Karatasi ya Tame aliitenga kando. Ilipofika wakati wa gundi, alisimama. Fundi wa kweli hubandika kwa gundi ya ngano iliyokaa miaka kumi ndani ya mtungi sakafuni, dhaifu, inayonuka, ili picha iweze kufunguliwa tena na wajukuu. Hiyo ndiyo inayolegea. Kando yake palikuwa na mtungi wa mwisho aliouweka Tame kabla hajafa, gundi changa ya miaka mitatu tu, yenye nguvu za mwanamasumbwi. Kubandikia hiyo ni aibu kwa fundi yeyote wa Kanazawa.

Akaibandikia hiyo. Matabaka mawili. Atakayetaka kufungua aje na msumeno.

Alipoigeuza ikiwa imekauka, siku kadhaa baadaye, msafiri alikuwa amerudi ng'ambo ya daraja, mdogo kama punje ya mchele, amegeuza mgongo.

Mfupa aliurudisha kichunguni. Kasisi alipokuja alimwambia, kwa mkwaruzo, kwamba njia za Kyoto bado zina utelezi.

Sauti haikurudi. Mtaa ulishangaa. Bi Tatsu analeta tofu bure, anakaa, anaongea peke yake kwa zamu zote mbili, anajitukana kwa niaba ya mwenzake, kisha anaondoka akipangusa macho. Picha imening'inia chumba cha kazi, msimu uwe msimu au usiwe. Na jioni nyingine, mwanga ukiwa buluu, kutoka nyuma ya ukungu...

Pa pa.

Basi Bi Shino huweka vikombe viwili vya chai.

Jana chai ilikuwa imeshamiminwa, mvuke unapanda. Theluji ilikuwa inaanguka bila sauti. Zikaja mbili. Akatabasamu. Kisha, baada ya kitambo, zikaja tena.

Pa. Pa. Pa. Pa.

Nne.

*Njoo uone.*

Bi Shino aliweka kikombe chini. Akaitazama picha. Msafiri alikuwa mahali pake. Mgongo vilevile. Ila kile kibanda cha huku, ambacho mlango wake ulikuwa wazi, kilikuwa na ushungi wa moshi mwembamba juu ya paa.

Karatasi ya Tame ilisema asiitike. Haikutaja burashi. Na mapigo ya burashi anaweza kujifunza yeyote mwenye masikio na muda, na mle ndani muda ndio kitu pekee kilichojaa.

Alinyoosha mkono, akaichukua burashi ya kupigia ya Tame, ile nzito. Akapiga ukingoni mwa meza.

Pa. Pa. Pa.

*Nyamaza wewe.*

Halafu ndani ya ukungu, mbali, mtu akacheka. Kicheko kikubwa, cha kifua wazi, cha kudondosha theluji mapaani. Bi Tatsu upande wa pili wa ukuta aliangusha sahani, akapiga kelele kwa furaha: "Shoga! Umepona!"

Kilikuwa cha Bi Shino. Kicheko chake mwenyewe, kile alichonyang'anywa.

Nje, puu! Theluji ikaanguka kutoka paani.

Bi Shino alikaa wima, mdomo umefungwa, burashi mkononi. Akanywa chai yake. Akavuta kikombe cha pili, cha Tame, akakinywa nacho hadi tone la mwisho, akikitazama kile kibanda bila kupepesa.